Kuku wangu wanaisha, na mbwa ni wa jirani aliyetusimamia msibani

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Naishi Bigwa, Morogoro, pale mlima wa Uluguru unapoanza kupanda. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Mume wangu ni dereva wa malori yanayokwenda Tunduma, nyumbani hulala siku mbili tatu kwa mwezi.

Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Aliniachia mitetea sita na jogoo mwekundu. Kwa wengine ni kuku tu, lakini mimi nikisikia wanavyolia asubuhi namsikia yeye akiwaita kwa pumba. Nimewalea hadi mwezi wa tano mwaka huu nikawa nao 31. Mayai nauza shilingi 500 moja, na hela hiyo ndiyo ninayolipia marejesho ya VICOBA. Nilikopa kwa ajili ya sare za shule.

Leo nina kuku 14.

Walianza kupungua vifaranga wakubwa, wale wanaoanza kuota mbawa. Sita wameondoka mchana, mmoja mmoja, mimi nikiwa kisimani au sokoni. Halafu kukatokea alfajiri moja ambayo sitaisahau. Nilifungua banda nikakuta kuku watano wamelala chini, mmoja bado ana joto. Shingoni wana matundu madogo mawili mawili na damu kidogo. Mmoja tu ndiye aliyeliwa kichwa, wengine hawakuguswa. Banda ni la mabanzi, alilijenga mama mwenyewe. Mlango nafunga kwa kipande cha mpira wa tairi, na asubuhi ile niliukuta umefungwa kama nilivyouacha. Nililia kama msiba umerudi. Wale kuku nikawatupa kwenye shimo la taka nyuma ya migomba.

Siku mbili baadaye, kabla jua halijatoka, nilimwona mbwa wa jirani anatoka nyuma ya migomba yangu, manyoya yamemganda mdomoni. Nikajua adui yangu ni nani.

Tangu hapo wamepotea wengine watatu usiku, akiwemo jogoo wa mama. Hao hawakuacha hata unyoya. Na wiki iliyopita nimeokota watatu wamekufa bandani, shingo zimepinda. Nadhani aliwakamata akashindwa kuwatoa.

Tatizo langu, Mama, ni mwenye mbwa. Ni mzee mstaafu wa reli, umri wa baba yangu. Mama alipofariki, mume wangu akiwa njiani, yeye ndiye aliyefungua uwanja wake watu wakakaa, akalipia turubai, akalala mkekani na wanaume siku zote tatu. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba mbwa wake ananimalizia kuku? Zamani nilikuwa napita kumwamkia kila asubuhi. Sasa wiki ya tatu napita njia ya chini nisionane naye. Juzi alimtuma mjukuu wake na papai kwenye sahani. Nilipokea. Sahani bado iko kwangu.

Mume wangu kwenye simu anasema niuze wote, nisijitese. Shemeji yangu yeye ameniletea sumu, unga wa kijivu uliofungwa kwenye kipande cha nailoni. Anasema nipake kwenye dagaa, niweke nyuma ya banda usiku, asubuhi kazi imekwisha na hakuna atakayejua. Nimeuficha juu ya kenchi ya jiko. Kila nikilala naukumbuka kwamba uko pale.

Nimwambie mzee? Niitumie ile sumu? Au niuze kuku wa mama yangu niwe na amani?

Mama wa watatu, Bigwa

*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Pole ya kuku, na pole ya mama, maana nimeona katika barua yako misiba hiyo miwili inakaa banda moja.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unaniambia una kuku 17 walioondoka, adui mmoja mwenye manyoya mdomoni, na kwamba adui huyo ana mwenyewe unayemheshimu na anayekudai wema. Umebaki na njia tatu: ulimi, sumu au soko. Kabla hatujazishika njia hizo, niruhusu nirudi bandani kwako na kukuuliza mambo ambayo huenda machozi yaliyaficha.

Kwanza huo mlango. Umeandika mwenyewe kwamba uliukuta umefungwa. Mbwa akiingia bandani huvunja au husukuma, na akitoka hafungi mpira wa tairi nyuma yake. Mbwa pia hutikisa kuku, huchana, huburuta, ukakuta manyoya uwanja mzima. Wewe ulikuta wamelala, wana matundu madogo shingoni, mmoja kichwa hakuna. Kwa mtu aliyefuga kuku miguuni pa mlima, alama hizo humkumbusha wanyama wadogo wa usiku, kicheche au jamii ya nguchiro, hata kanu. Hawa, penye kuku wasioweza kukimbia, huua zaidi ya wanaoweza kula. Mabanzi hayakutani vizuri. Kichwa cha kicheche kikipita kwenye pengo, mwili wote umepita.

Basi yale manyoya mdomoni mwa mbwa? Mwanangu, kuku watano uliwatupa wapi? Nyuma ya migomba. Na mbwa ulimwona akitokea wapi, siku mbili baadaye? Sisemi hajawahi kugusa kuku aliye hai. Mbwa akishaionja nyama ya kuku anaweza kujifunza ubaya, na hilo nalo lina uzito wake. Nasema tu kwamba ulichokiona kinathibitisha kuwa alikula. Kama aliua, hilo bado hatujaliona, wewe wala mimi.

Halafu hao 17 mimi siwaoni kama msiba mmoja. Sita waliondoka mchana, wakiwa uwanjani, wewe haupo. Mnyama wa usiku hafanyi hivyo. Mchana kuna mwewe, na kuna nguchiro wanaotembea jua likiwaka. Kuna kenge pia, hasa mnapokuwa karibu na mto. Watano ni wa alfajiri ile. Watatu wamepotea bila hata unyoya, jogoo mkubwa akiwa mmojawapo, na jogoo mzima si mzigo mwepesi wa kubebwa na kicheche. Kuku anayetoweka safi namna hiyo mara nyingine ameondoka mikononi mwa mtu. Sitaki kukuongezea mtu wa kumshuku, una mmoja tayari na anakunyima usingizi. Ila mlango unaofungwa kwa mpira hufunguliwa na mtoto, na hufungwa tena.

Waliobaki ni wale watatu wa wiki iliyopita, na hapo ndipo moyo wangu ulipopiga. Shingo zimepinda, umesema, wamefia ndani ya banda. Ulikuta jeraha? Ulitazama kinyesi chao, kilikuwa cha kijani? Kabla ya kufa walikuwa wamesinzia, wameshusha mbawa? Maana shingo kupinda ni moja ya dalili za kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo, na kideri hakina pengo la kuzibwa kwa bati. Kikiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa kinaweza kulifagia karibu lote kwa siku chache. Chanjo ya matone ya jicho inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na barua yako haikutaja chanjo mahali popote. Hili ndilo pekee ambalo nakuomba lisisubiri uamuzi wako juu ya mengine: mwone afisa mifugo wa kata leo au kesho, umweleze shingo zile. Usikimbilie kuchanja mwenyewe kabla hajawaona, na kuku akifa tena usimtupe shimoni, mzike chini kabisa au umchome. Mko Morogoro, penye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na madaktari wa mifugo. Si kila mfugaji wa nchi hii anao karibu namna hiyo.

Unaona basi kwamba huenda una maadui wanne, na mbwa wa mzee anaweza asiwe hata mmoja wao. Najiuliza, na nakuuliza kwa upole, kwa nini yeye ndiye aliyebaki machoni pako. Nadhani ni kwa sababu ana uso. Kicheche humjui, mwewe hana nyumba, ugonjwa hauonekani. Mtu aliyefiwa na vitu vya mama yake anatafuta wa kumkasirikia, na mbwa alipita mbele yako asubuhi ile. Nakuelewa, maana nimekulia kwenye nyumba iliyofanya hivyo hivyo. Nilipokuwa binti, Muheza, tulikuwa na koo mweusi aliyekuwa anaatamia mayai kumi. Asubuhi moja tulimkuta mifupa na manyoya, amekaa vile vile juu ya mayai. Baba alimlaumu paka wa nyumba ya pili na maneno yakawa makali. Bibi ndiye aliyeinama akaona mstari wa siafu unaondoka kwenye kiota. Walikuja usiku baada ya mvua, na yule kuku hakukubali kuinuka akaacha mayai. Siku hizo mbili ambazo baba na jirani hawakusalimiana nazikumbuka kuliko kuku mwenyewe.

Kama unataka kujua na si kukisia, iko njia ya majivu. Jioni, ukishafunga kuku, chekecha majivu ya jikoni, uyatandaze laini kuzunguka banda, upana wa hatua moja, na kidogo mbele ya mlango. Asubuhi nenda kabla watoto hawajapita. Mbwa huacha vidole vinne na kucha zinaonekana. Kicheche na nguchiro wana vidole vitano na kucha ndefu, nyayo zenyewe ni ndogo. Kanu anaacha alama ya duara kama paka, kucha hazionekani. Nyoka anaacha mstari. Mtu anaacha kandambili. Fanya usiku tano au sita mfululizo, kila asubuhi andika kwenye daftari la shule ulichoona na idadi ya kuku. Ukifika kwa mzee, au kwa mumeo, au kwa balozi wa nyumba kumi, utakwenda na daftari badala ya kwenda na uchungu peke yake.

Sasa tuzungumze juu ya ule unga ulioko kwenye kenchi. Shemeji yako anakupenda na ameumia kwa ajili yako, hilo nalikubali. Lakini tazama dagaa wenye sumu wakiwa chini gizani. Kicheche anaweza kuwala, ndiyo. Anaweza kuwala mbwa. Anaweza paka wa mtu. Kuku wako wenyewe wakifunguliwa asubuhi watadonoa kilichobaki. Bundi akimla panya aliyekula ile sumu naye anaweza kufa, na bundi, hata kama watu wanamwogopa, ni mwindaji mkubwa wa panya wanaokula mayai yako. Na kuna mtoto wa miaka minne nyumbani kwako, na mjukuu anayebeba papai kupita nyuma ya migomba. Shemeji amesema hakuna atakayejua. Wewe utajua, na mzee akimzika mbwa wake utasikia jembe kutoka jikoni kwako. Pia, wanyamapori wa mlimani wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwatega kwa sumu si jambo la siri ya nyuma ya nyumba tu.

Ukiamua kuuondoa, usiumwage chooni wala mtoni. Maji yanayoshuka Uluguru upande wenu yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu inanywewa mpaka Dar es Salaam. Mrudishie shemeji mkononi, au umuulize afisa kilimo pa kuupeleka. Na hata kama bado hujaamua, usiku wa leo utoe jikoni, ukaufungie mahali mtoto hafiki. Jikoni panapikwa.

Kuuza, kama anavyosema mumeo. Sioni kama ni kushindwa. Kuna wanawake waliouza kuku wa mama zao wakabaki na amani, na marehemu hakukasirika. Lakini marejesho ya VICOBA yatatoka wapi mwezi ujao? Na kama wale watatu walikufa kwa kideri, kuku utakaowapeleka sokoni leo watakwenda na ugonjwa kwenye banda la mwanamke mwingine mwenye mkopo kama wako. Kama unaiona njia hii, isubiri jibu la afisa mifugo. Pengine pia kuna nusu ya njia: kubaki na wachache wa damu ya mama, mitetea mitano sita, unaoweza kuwalinda vizuri kwa fedha uliyo nayo. Mumeo analala siku mbili nyumbani, anaona hasara. Je, umewahi kumwambia kwamba unamsikia mama yako kwenye milio ile? Au amesikia habari za hela tu?

Banda nalo linazungumzika. Alilijenga mama, na naelewa mkono wako unavyosita kuling'oa ubanzi. Si lazima ulibomoe. Mapengo ya chini, hadi usawa wa goti, yanaweza kuzibwa kwa vipande vya bati au kwa wavu mgumu wa matundu yasiyozidi nusu inchi. Ule wavu laini wa matundu makubwa unazuia kuku wasitoke, mwindaji haumzuii sana. Wanaochimba huzuiwa kwa kuufukia wavu futi moja chini, au kuulaza juu ya ardhi kuelekea nje ukaukandamiza kwa mawe. Juu paachie hewa, kuku wakibanwa bila hewa wataanza kukohoa. Mpira wa tairi ungepumzika, pakawekwa komeo la chuma na kufuli ndogo. Hilo litawahusu wenye miguu minne na wenye miwili. Wengine huinua banda juu ya nguzo, urefu wa mita moja, na kila nguzo wakaizungushia bati linaloteleza ili wapandaji washindwe, lakini hiyo ni gharama ya baadaye. Vifaranga waweke chini ya tenga wiki za mwanzo, au wazungushie wavu penye kivuli cha migomba. Mwewe anapenda uwanja ulio wazi. Haya yote yana udhaifu mmoja: yanategemea wewe uwe umefunga kabla giza halijaingia, kila siku, hata siku ya kikoba, hata siku una homa. Mtoto wako mkubwa anaweza kukabidhiwa kazi hiyo? Wewe ndiye unayemjua.

Nimemwacha mzee mwisho kwa sababu naona ndiye anayekuuma zaidi. Unaogopa kwamba ukimwambia utaonekana huna shukrani. Lakini mwanangu, yeye hajui kosa lake. Anachokiona ni binti aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, siku moja akaacha. Wazee huhesabu vitu hivyo. Huenda papai lile lilikuwa swali.

Unaweza kumwendea na mashtaka, na hapo uko hatarini kuwa umekosea, kisha maneno hayarudi. Unaweza kunyamaza hadi daftari lijae, hatari yake ni kwamba kila siku unayopita njia ya chini inamfundisha kitu ambacho hukukusudia. Unaweza pia kumwendea kama mtu mwenye shida: "Baba, kuku wangu wanaisha, usiku unasikia nini upande wako?" Mtu aliyefanya kazi reli usiku anajua kusikiliza. Mbwa wake akitajwa, atajwe na yeye mwenyewe. Na kama majivu yataonyesha vidole vinne kila asubuhi, basi utakuwa na jambo la kweli la kumwomba, kumfunga mbwa usiku, na kumwomba mzee haki yako si kumvunjia heshima. Anaweza kukubali. Anaweza kuumia siku mbili tatu. Anaweza pia kukataa, na hapo balozi yupo. Ni wewe unayemjua kifua chake, mimi namwona kupitia barua tu.

Niandikie baada ya afisa mifugo kupita. Na ile sahani, ukiona moyo umekubali kuirudisha, isirudi tupu. Hata kichane kimoja cha ndizi za migomba ile ile kinatosha. Siku hiyo si lazima mbwa atajwe.